Ghorofa ya 45 Haina Majani

Neno lenyewe linatuchanganya kabla hatujafunga mizigo. Kwetu vuli ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba zinazonyesha siku mbili na kununa wiki nzima. Kamusi zikalichukua neno hilohilo zikayapa majira ya nchi za kaskazini, miti inapogeuka rangi na kumwaga majani. Wengine husema mapukutiko, nami niko upande wao, maana Tokyo mwishoni mwa Novemba hewa ni kavu na anga ni buluu tupu. Msomaji akiniandikia kwamba anakwenda Japani kuona vuli, huwa namwuliza kwanza kama amefunga mwavuli.

Barua za namna hiyo huanza kuja Agosti, na nyingi zina umbo moja. Mtu amejiwekea akiba, au ni maadhimisho ya ndoa, au ofisi inamlipia nauli, naye anataka usiku mmoja kwenye hoteli zile zilizoketi vileleni mwa minara ya Tokyo, aamke afungue pazia aone jiji limevaa nyekundu na njano. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa kaunta. Kazi yangu hotelini ilikuwa kupanga bei za vyumba. Kwa hiyo nasema wazi mapema: anayepanda mnara kwa ajili ya majani analipia kitu kimoja na kutarajia kingine. Chumba kile kinauza anga. Majani yako chini, na kuyaona ni bure au karibu na bure.

Nililijua hili kwa fedha yangu mwenyewe. Novemba moja nilichukua chumba ghorofa ya arobaini na ushei, katika hoteli ambayo siitaji kwa sababu haikuniibia, nilijiibia. Nikaongeza fedha nipewe upande unaotazama miti. Kulipokucha nikavuta pazia, na kweli chini kulikuwa na msitu mkubwa katikati ya jiji, wa kijani kibichi kama Amani kule Usambara. Nikapiga simu mapokezi. Kijana akanieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, kwamba ule ni msitu wa hekalu la Meiji Jingu na haubadiliki rangi.

Wala si bahati mbaya. Hekalu lile lilizinduliwa mwaka 1920 kumkumbuka Mfalme Meiji, na miti ipatayo 100,000 ililetwa kama zawadi kutoka pande zote za nchi ikapandwa kwenye eneo la takriban hekta 70. Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka iwe misindano mirefu ya fahari kama ile ya mji wa Nikko. Mtaalamu wa misitu Honda Seiroku na wenzake wakamgomea. Walijua moshi na udongo wa Tokyo ungeiua, wakachagua miti ya majani mapana isiyopukutisha, ili msitu ujiotee wenyewe bila mkono wa mtu. Karne moja baadaye msitu umesimama jinsi walivyoukusudia. Ndiyo sababu mgeni wa minara ya upande wa magharibi akitazama chini Novemba, sehemu kubwa ya miti anayoiona ni ile iliyochaguliwa isigeuke.

Tuseme dirisha lako limeangukia upande wenye miti inayogeuka: Shinjuku Gyoen, Hifadhi ya Yoyogi, au viwanja vya kandokando ya Kasri la Mfalme. Bado kuna tatizo, na ili kulielewa inabidi tuingie ndani ya jani. Jani la kijani limejaa klorofili. Siku zikifupika na usiku ukianza kupoa, mti unaivunja klorofili hiyo na kuvuta virutubisho vyake matawini, huku ukijenga ukuta mwembamba wa seli kwenye kikonyo. Kijani kikiondoka, njano ya karotenoidi iliyokuwemo muda wote inajitokeza. Hiyo ndiyo rangi ya mti wa ginkgo. Nyekundu ya momiji, yaani maple ya Kijapani, ina asili tofauti: ni anthosianini, inayotengenezwa upya katika siku za mwisho za jani kutokana na sukari iliyonaswa humo, na hunoga mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Jiji lenye lami na viyoyozi hushikilia joto usiku kucha, kwa hiyo miti ya mjini huchelewa, na mingine huishia kahawia.

Jani la namna hiyo ni jembamba kama karatasi. Ukisimama chini yake jua likiwa upande wa pili, mwanga hupita ndani yake na jani likawaka kama kioo cha taa. Ukilitazama kutoka juu unapata mwanga uliogonga ngozi yake ukarudi, na ngozi ya jani ina nta, hivyo unachoona kimepauka. Mtu wa pwani hahitaji nauli ya kwenda Japani kulithibitisha hili. Mkungu wetu nao hugeuza majani kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha. Kaa chini ya mkungu saa nne asubuhi, tazama jua kupitia jani moja. Kisha panda paa la jengo la jirani uutazame mkungu uleule.

Umbali nao una hesabu yake. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu viwili vikiwa vimepishana kwa dakika moja ya nyuzi, na kwa umbali wa mita 200 hiyo ni sawa na sentimita 6 hivi, yaani upana wa jani la momiji. Kutoka ghorofa ya 45, jani lililo moja kwa moja chini ya dirisha lako ni nukta moja. Mti ulio nusu kilomita mbele hauna majani kabisa machoni pako. Una rangi tu, doa la kutu kati ya mapaa ya saruji. Ongeza na hili: mwishoni mwa Novemba jua la adhuhuri Tokyo halipandi zaidi ya nyuzi 34 hivi, na mnara wa mita 200 hutupa kivuli cha mita 300 upande wa kaskazini saa sita mchana. Baadhi ya wageni hulipia chumba cha kutazama bustani ambayo imefunikwa na kivuli cha hoteli yao wenyewe.

Wapo watakaonipinga kwamba Wajapani nao hutazama majani kutoka juu, na mfano wao wa kwanza huwa hekalu la Tofukuji, Kyoto, ambako watu hufurika juu ya daraja la Tsutenkyo kutazama bonde lenye momiji ipatayo 2,000. Msongamano ule umewahi kufanya picha zipigwe marufuku darajani wakati wa kilele. Mfano ni mzuri, ila unanisaidia mimi. Pale uko mita chache tu juu ya vilele, matawi yanakujia hadi usawa wa kiuno, na jua la pembeni linapenya kati yao. Uko juu ya mti. Mnarani uko juu ya jiji.

Mwingine atasema basi aombe ghorofa ya chini. Hapa ndipo watu wengi hawajui hoteli hizi zilivyojengwa. Nyingi hazina ghorofa ya chini. Mwenye jengo hukodisha ghorofa za chini na za katikati kwa ofisi, na kileleni huweka jina kubwa la hoteli ili mnara mzima upate hadhi na kodi ya ofisi ipande. Park Hyatt Tokyo, iliyofunguliwa 1994 katika mnara wa msanifu Kenzo Tange na kujulikana duniani kupitia filamu ya Lost in Translation ya 2003, iko ghorofa ya 39 hadi 52. Ritz-Carlton ya Roppongi iko kati ya 45 na 53. Aman huanzia ya 33. Ukiomba "chini" katika hoteli kama hizi, unapewa mita 150 badala ya 200.

Sasa bei, uwanja wangu wa nyumbani. Chumba kisichouzwa usiku wa leo hakiwekwi stoo kikauzwa kesho, kimeoza. Kwa hiyo mpangaji wa bei huishi kwa kubashiri, na ubashiri wake hautazami miti. Unatazama mauzo ya mwaka jana, kasi ya watu kuweka nafasi mwaka huu, na kalenda. Novemba Japani ina sikukuu mbili, Siku ya Utamaduni tarehe 3 na Siku ya Kushukuru Kazi tarehe 23, na zikigusana na Jumamosi bei hupaa. Hesabu hiyohiyo nimeifanya kwa kambi za kaskazini mwa Serengeti: mgeni analipia Agosti ili awaone nyumbu wakivuka Mto Mara, nyumbu wenyewe hawajasoma mkataba.

Miti ya Japani nayo imeacha kufuata kalenda ya zamani. Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo huandika kila mwaka siku ambayo mti wa mfano umegeuka rangi, na rekodi zake tangu 1953 zinaonyesha wekundu wa momiji ukichelewa kwa takriban siku 3 kila miaka 10. Jumlisha mwenyewe, ni wiki tatu. (Mwaka 2021 idara hiyo ilifuta sehemu kubwa ya uchunguzi wake wa mimea na wanyama ikabakiza aina 6 tu za mimea. Ginkgo na momiji ziliponea chupuchupu.) Siku hizi Tokyo hufikia kilele mwishoni mwa Novemba na kuvuka hadi Desemba, wakati bei zilizojengwa juu ya sikukuu za Novemba zimeanza kushuka. Mwanya huo kati ya mti na kalenda ndio wa kuunyatia.

Kuhusu nyongeza ya ghorofa, nitakiri tu. Chumba cha ghorofa ya 38 na cha 48 vina kitanda kilekile, shuka zilezile, na kuvisafisha kunagharimu sawa. Tofauti unayolipa ni faida tupu. Nimewahi kuzibuni nyongeza za aina hiyo mimi mwenyewe na zililipwa bila swali. Kisha kuna yale yanayokuja mwishoni: hoteli za ngazi hii mara nyingi hutangaza bei kabla ya ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 15, na juu ya jumla hiyo hupigwa kodi ya mauzo ya asilimia 10. Chumba cha yeni 100,000 kinaishia yeni 126,500. Kodi ya malazi ya Tokyo yenyewe ni ndogo, yeni 200 kwa mtu kwa usiku katika vyumba vya bei hiyo.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la saa. Wateja wengi huchukua usiku mmoja kwa sababu wa pili hawauwezi. Chumba hukabidhiwa saa 9 alasiri. Mwishoni mwa Novemba jua la Tokyo huzama saa 10 na nusu, na muda huohuo Shinjuku Gyoen inafunga milango. Ukitoa dakika za kujisajili, kuonyeshwa jinsi pazia linavyofunguka kwa kitufe, na kunywa chai ya makaribisho, umebakiwa na saa moja ya mwanga. Baada ya hapo kioo kinageuka kuwa kioo kweli: unajiona wewe na taa ya kitandani. Kesho yake jua huchomoza saa 12 na nusu asubuhi, na kabla ya mchana unadaiwa ufunguo. Nani aliyetazama majani hapo?

Wengi wakisikia haya husema basi watakwenda Kyoto, kwenye majani hasa, wakalale mnarani huko. Hawataupata. Mwaka 1994 hoteli moja kongwe ya Kyoto ilijengwa upya ikafika mita 60, na ugomvi wake haujasahaulika: baadhi ya mahekalu mashuhuri yalitundika mabango langoni kuwakataa wageni waliolala humo. Mwaka 2007 jiji likakaza kamba, kimo cha juu katikati ya mji kikashushwa kutoka mita 45 hadi 31. Ni uamuzi ninaouheshimu kuliko mingi ya miji mikubwa, kwa sababu Kyoto ilitambua kuwa mandhari ni ya aliye barabarani pia, si ya mwenye dirisha peke yake. Na tangu Machi 2026 kodi ya malazi ya mji huo inafika yeni 10,000 kwa mtu kwa usiku, pale malazi ya mtu mmoja yanapofika yeni 100,000 au zaidi. Awali ilikuwa haizidi 1,000. Anayetaka mnara na mahekalu pamoja hulala Osaka, ambako minara iko tele, na treni ya kawaida ya haraka humfikisha Kyoto kwa takriban nusu saa.

Baada ya yote hayo, sisemi minara haina thamani. Ina kitu kimoja ambacho ardhini hakipatikani, na mapukutiko ndiyo msimu wake. Hewa kavu inayoanza kushuka kutoka Siberia huosha ukungu wa kiangazi, na asubuhi ya mwisho wa Novemba Mlima Fuji, ulio kilomita 100 hivi upande wa magharibi kuelekea kusini, husimama mzima nyuma ya jiji. Theluji huwa imekwisha kuuvika kofia, ingawa mwaka 2024 ilichelewa hadi Novemba 7, kuchelewa kusikowahi kutokea katika rekodi za miaka 130. Jua likitoka mashariki, kilele hugeuka waridi kwa dakika chache wakati barabara za chini bado zina giza. Hilo lina thamani ya kuamkia. Kwa hiyo ukilipia mnara, lipia upande wa magharibi, wala usibabaishwe na neno "bustani" kwenye jina la chumba. Muulize anayekuuzia kwa jina la dira: dirisha linatazama wapi? Zima taa zote kabla ya kupiga picha, bandika lenzi kwenye kioo na uifunike kwa kitambaa cheusi, kwani madirisha yale hayafunguki.

Na kama kweli shida yako ni majani, panga safari upya. Weka nafasi siku za katikati ya wiki, ya kwanza ya Desemba ikiwezekana, kwa masharti yanayokuruhusu kufuta bila kupoteza fedha hadi siku chache kabla. Fika hotelini asubuhi, acha mizigo mapokezi, nenda bustanini hadi jua lizame, ndipo urudi kuchukua chumba. Hoteli yoyote ya kiwango hicho itakutunzia begi bila malipo. Bustani ya Rikugien, iliyotengenezwa na Yanagisawa Yoshiyasu mwaka 1702, misimu mingi huwashwa taa usiku, kwa hiyo hata aliyechelewa ana pa kwenda. Ukijikuta Tokyo katikati ya Oktoba, usisubiri: panda Nikko, ambako kando ya Ziwa Chuzenji, mita 1,269 juu ya bahari, rangi huwahi mwezi mzima kabla ya mjini. Majani ya Japani huanzia milima ya Hokkaido Septemba na kushuka kusini na bondeni, kinyume kabisa na maua ya sakura yanayopanda kaskazini.

Kama ni lazima hoteli iwe ya fahari, tafuta iliyojengwa juu ya bustani badala ya juu ya ofisi. New Otani, iliyofunguliwa kwa Olimpiki ya 1964, ina bustani yenye historia ya miaka 400. Chukua chumba cha ghorofa za chini upande huo na utalala usawa wa matawi. Palace Hotel, inayotazama handaki la maji la Kasri la Mfalme, ina vyumba vingi vyenye baraza, jambo adimu mno Tokyo, na barazani hewa ya asubuhi inakugusa uso.

Kuna jambo moja linaloniudhi katika habari hii yote. Mahali panapopendwa kuliko pote Tokyo kwa majani ya njano ni barabara ya ginkgo ya Meiji Jingu Gaien: miti 146, mistari minne, urefu wa mita 300 hivi, ilipandwa 1923. Mwaka 2023 jiji liliidhinisha mradi wa kulijenga upya eneo hilo, wenye minara inayokaribia mita 190 na uwanja mpya wa besiboli ulioambatanishwa na hoteli. Mwanamuziki Sakamoto Ryuichi, akiwa mgonjwa wa kansa, alimwandikia gavana Koike Yuriko kumsihi asiruhusu. Alifariki Machi 28 mwaka huohuo. Waendelezaji wameahidi kuwa ginkgo hazitakatwa. Ukataji wa miti mingine ya eneo hilo ulianza Oktoba 2024, na hofu ya wanaopinga ni kwamba mzizi hauoni ahadi. Hoteli hiyo ikikamilika, vyumba vyake vitauzwa kwa kutaja ginkgo hizo.

Kwa sasa barabara ile haina lango wala kiingilio. Shuka kituo cha Aoyama-itchome, tembea dakika tano, na ufike kabla ya saa 2 asubuhi.